Nani Kasema? Mwanafunzi Afundishwe Kumtaja Shahidi Wake

Askari wa zamu akimletea mkubwa wake taarifa kwamba watu wasiojulikana wameonekana ng'ambo ya mto, taarifa hiyo haipokelewi hivi hivi tu. Huulizwa: Nani aliyewaona? Aliwaona mahali gani, na saa ngapi? Aliwaona kwa macho yake mwenyewe au aliambiwa? Je, yuko mtu mwingine aliyeyaona hayo hayo? Akikosa majibu, taarifa yake huhesabiwa kuwa ni uvumi, na hakuna kamanda mwenye busara apelekaye kikosi kwa sababu ya uvumi. Ndivyo ilivyo pia katika kituo cha polisi. Neno la mlalamikaji huandikwa daftarini pamoja na jina lake, siku na saa. Na mbele ya hakimu, shahidi asemaye "nilisikia watu wakisema" hafiki mbali.

Sheria hiyo imezoeleka katika kila nyumba ya askari. Lakini katika nyumba hizo hizo, aghalabu mtoto wa sekondari huketi jioni na simu ya baba yake, akaandika neno moja kwenye intaneti, akanakili aya tatu za kwanza zilizomjia, kisha chini ya kazi yake akaandika: "Chanzo: Google." Baba hutazama mwandiko, akaona ni mzuri, akatia sahihi yake. Taarifa ambayo asingeipokea kutoka kwa askari aliye chini yake ameipokea kutoka kwa mwanawe.

Jambo hili si dogo. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza kutumika nchini Uganda mwaka 2020 kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, na waliotangulia kuumaliza walifanya mtihani wa taifa mwaka 2024. Katika mtaala huo mwanafunzi hatakiwi kukariri tu yale aliyoandikiwa ubaoni. Hutumwa kutafuta, kulinganisha na kuandika ripoti ya kazi-mradi, na sehemu ya alama zake hutokana na kazi alizozifanya shuleni kabla ya mtihani. Basi mtoto asiyejua kupambanua habari na uvumi huingia katika masomo hayo kama mtu aingiaye sokoni usiku bila taa. Anaweza kununua, lakini hajui amenunua nini.

GOOGLE SI SHAHIDI

Yafaa kwanza ieleweke intaneti ni kitu gani. Mfumo wa kurasa unaotumiwa leo ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na jiji la Geneva. Mwaka 1993 kituo hicho kiliuachia ulimwengu mzima mfumo huo bila malipo. Tangu siku hizo, kila mwenye kompyuta, na baadaye kila mwenye simu, ameweza kuandika ukurasa wake na kuutangaza kwa watu wote. Hakuna mhariri asimamaye mlangoni. Daktari bingwa aliyetibu wagonjwa kwa miaka 30 na kijana aliyeketi kibarazani akitunga uwongo hupita mlango mmoja, na kurasa zao huweza kuonekana kwa sura ile ile.

Google na mitambo mingine ya kutafutia haisemi neno lolote kwa nafsi yake. Kazi yake ni kuonyesha njia ziendako kwenye kurasa za watu wengine. Kwa hiyo aandikaye kwamba habari yake imetoka Google ni sawa na aandikaye kwamba barua aliyoipokea imetungwa na posta. Tena, ukurasa unaotangulia katika orodha si lazima uwe ndio wa kweli kuliko mingine. Mtambo huipanga kurasa hizo kwa hesabu zake, na baadhi ya zile za juu ni matangazo yaliyolipiwa fedha. Mtoto ashikaye ukurasa wa kwanza kwa sababu tu ni wa kwanza amemwachia mfanyabiashara amchagulie mwalimu.

EBOLA IPI?

Mfano mmoja wa karibu utatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme mwanafunzi ameagizwa aandike kuhusu ugonjwa wa Ebola nchini Uganda. Somo hilo lamhusu kila mtu, maana ni ugonjwa uliokwisha kuingia katika nyumba za wananchi, hospitali na kambi. Mtoto akiandika maneno "Ebola Uganda" katika simu, humwagikiwa na kurasa nyingi mno. Zipo zinazosimulia mlipuko wa mwaka 2000 katika Gulu, ambamo daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor alikufa kwa ugonjwa huo huo aliokuwa akiupiga vita. Zipo za mwaka 2007 kutoka Bundibugyo, za mwaka 2012 kutoka Kibaale, za mwaka 2022 kutoka Mubende, na za mwaka 2025 kutoka Kampala. Asiyetazama tarehe huchukua idadi ya waliougua katika mlipuko mmoja, akaibandika kwenye mlipuko mwingine, na insha yake ikawa na namba za kweli zinazosema uwongo.

Upo pia mtego wa pili. Ukurasa mmoja utasema kwamba Ebola ina chanjo. Mwingine utasema haina. Mtoto atauliza yupi kati yao ni mwongo, na huenda asiwepo hata mmoja. Virusi vya Ebola ni vya aina kadhaa. Chanjo iitwayo Ervebo iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2019, lakini ni kinga ya virusi vya aina ya Zaire. Mlipuko wa Mubende wa mwaka 2022 ulikuwa wa virusi vya aina ya Sudan, na wakati ule hapakuwa na chanjo yoyote iliyoidhinishwa kwa ajili ya aina hiyo. Mtu aliyesoma nusu ya habari angeweza kuwaambia jirani zake wasiogope, chanjo ipo. Nao wangeacha kujihadhari. Katika mlipuko ule watumishi wa afya 19 waliambukizwa na saba kati yao walikufa. Watu hao walikuwa wameujua ugonjwa vitabuni, na bado ukawafikia. Ni nani basi awezaye kusema kuwa habari nusu ni kosa dogo?

HAMSINI NA TANO AU SABINI NA SABA?

Mwanafunzi mwenye bidii atataka kujua ni watu wangapi waliokufa katika mlipuko huo, uliotangazwa na Wizara ya Afya tarehe 20 Septemba 2022 na kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 11 Januari 2023. Hapo atakuta ukurasa mmoja ukisema watu 55, na mwingine ukisema watu 77. Mtoto mvivu atachagua namba moja kwa kubahatisha. Mtoto mwenye hofu atafuta zote mbili. Aliyefundishwa vema atauliza: Namba hii imetoka wapi, na imehesabu nini?

Akifuatilia taarifa za Wizara ya Afya na za Shirika la Afya Duniani, atagundua kwamba namba zote mbili ni sahihi. Wagonjwa waliothibitishwa na maabara walikuwa 142, na kati yao 55 walikufa. Lakini walikuwapo watu wengine 22 waliokufa na kuzikwa kabla damu yao haijapimwa, ambao kwa dalili zao na kwa ukaribu wao na wagonjwa wengine walihesabiwa kuwa yaelekea waliugua Ebola. Aliyeandika 55 alihesabu wale tu waliopimwa. Aliyeandika 77 alijumlisha makundi yote mawili.

Hapa ndipo inapoonekana faida halisi ya kutaja chanzo. Watu wengi hudhani kwamba marejeo ni pambo la wasomi, au ni njia ya mwalimu kumsumbua mwanafunzi. Sivyo. Namba 55 ikiandikwa peke yake ni fumbo. Ikiandikwa pamoja na jina la aliyeihesabu, siku aliyoitoa na maana aliyoikusudia, huwa ni habari. Kutaja chanzo ni kuacha nyayo njiani, ili mwalimu, mzazi au msomaji mwingine aweze kuzifuata na kuhakikisha kwamba aliyetangulia alifika kweli mahali anapodai alifika.

WAJUZI HUTOKA NJE YA UKURASA

Je, mwanafunzi atajuaje ni ukurasa upi wa kuaminika? Wengi hufundishwa kuutazama ukurasa wenyewe kwa makini: kama umepangwa vizuri, kama lugha yake haina makosa, kama una picha na alama rasmi. Mambo hayo hayatoshi. Mwaka 1998 Mmarekani mmoja alitengeneza ukurasa nadhifu kuhusu pweza aishiye juu ya miti katika misitu ya kaskazini-magharibi ya Marekani, akaeleza chakula chake, makao yake na hatari inayomkabili ya kutoweka. Pweza huyo hayupo. Ni mzaha mtupu. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut walipowapa wanafunzi ukurasa huo wausome, wengi wao waliuamini, kwa sababu ulikuwa na kila sura ya ukurasa wa kweli.

Mwaka 2017 wataalamu Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya uchunguzi unaostahili kusomwa na kila mwalimu. Waliwachukua watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi 10 wa habari ambao kazi yao ni kuhakiki yaliyoandikwa, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Miongoni mwa kazi walizowapa ni kulinganisha tovuti mbili za vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani, ambavyo majina yao yanakaribiana mno. Kimoja ni chama kikubwa kilichoanzishwa mwaka 1930, chenye makumi ya maelfu ya wanachama. Cha pili ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa sababu ya misimamo yake. Wanafunzi wengi walidanganyika, wakakiona kile kikundi kidogo kuwa ndicho cha kutegemewa zaidi. Hata baadhi ya wanahistoria walisitasita. Wakaguzi wa habari wote walipata jibu lililo sawa, tena kwa muda mfupi.

Siri yao ilikuwa nini? Wanafunzi walibaki ndani ya tovuti, wakaisoma kutoka juu hadi chini, wakaisikiliza ikijisifu. Wakaguzi waliitupia jicho kidogo tu, kisha wakatoka, wakafungua kurasa nyingine na kuuliza: wengine wanasema nini juu ya chama hiki? Nani alikiunda, na nani anakilipia?

Njia hiyo si ngeni kwa wananchi. Mgeni afikapo kijijini kutaka chumba cha kupanga, hakuna mwenye nyumba mwangalifu amwulizaye mgeni mwenyewe kama ni mtu mwema, kwa maana atajibu kuwa ni mwema. Humtaka barua ya mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji alikotoka. Ukurasa wa intaneti nao ni mgeni. Usiulizwe wenyewe, waulizwe waliowahi kuishi nao.

MASWALI MANNE

Kwa matumizi ya nyumbani, mafunzo hayo yote yanaweza kufupishwa katika maswali manne, ambayo mtoto aweza kuyaandika katika jalada la daftari lake.

La kwanza: Nani kasema? Ukurasa usio na jina la mwandishi wala la ofisi ni barua isiyo na sahihi. Anwani ya tovuti husaidia kidogo. Zinazomalizikia kwa herufi .go.ug ni za ofisi za Serikali ya Uganda, na zile za .ac.ug ni za vyuo vya elimu ya juu. Lakini zile za .org na .com huweza kusajiliwa na mtu yeyote, mwema au mbaya, na hivyo herufi hizo peke yake hazithibitishi lolote.

La pili: Alisema lini? Taarifa ya hali ya ugonjwa iliyotolewa wiki ya kwanza huwa imepitwa kufikia wiki ya kumi. Picha za maandamano au mafuriko ya nchi nyingine, yaliyotokea miaka mingi iliyopita, hurushwa tena katika simu kana kwamba yametokea jana mtaa wa pili.

La tatu: Alijuaje? Aliyepima, aliyehesabu na aliyekuwapo wana uzito kuliko aliyesimuliwa. Iwapo mwandishi anasema "wataalamu wamegundua", hapana budi awataje wataalamu hao. Asipowataja, mwanafunzi na asiutegemee ushahidi huo mpaka awapate.

La nne: Nani mwingine kasema hivyo, bila kunakili kwa huyu? Hapa watu wengi huteleza. Kurasa kumi zinazorudia aya moja kwa maneno yale yale si mashahidi kumi. Ni shahidi mmoja na mwangwi mara tisa. Ujumbe uliorushwa mara elfu katika makundi ya WhatsApp bado una msemaji mmoja wa kwanza, na huenda msemaji huyo hajulikani kabisa.

ENSAIKLOPIDIA NA MASHINE ISEMAYO

Wazazi wengi huuliza kuhusu Wikipedia, ensaiklopidia ya intaneti iliyoanza mwaka 2001 na ambayo tangu mwaka 2003 ina toleo la Kiswahili. Huandikwa na watu wanaojitolea, na karibu kila mtu aweza kusahihisha makala zake. Wapo walimu waliowakataza wanafunzi wasiiguse. Lakini mwanafunzi mwerevu anaweza kuitumia kama mlango, asiifanye kuwa nyumba ya kulala. Huisoma apate picha ya jumla, kisha hushuka chini kabisa penye marejeo, akazifuata zile taarifa na vitabu vilivyotajwa pale. Hivyo ndivyo vya kusomwa na kutajwa katika kazi yake.

Jambo jipya zaidi ni programu za akili mnemba, kama ile ya ChatGPT iliyotolewa kwa umma mwezi wa Novemba 2022. Programu hizo hujibu kila swali kwa lugha laini na kwa uhakika mkubwa. Zimejifunza jinsi maneno yanavyofuatana katika maandishi mengi mno, na kwa hiyo huweza kutunga jibu lenye sura ya ukweli hata pale ambapo ukweli haupo. Hutunga pia majina ya vitabu ambavyo havijapata kuandikwa, zikayapachika majina ya waandishi na miaka.

Balaa la kuziamini bila kuhakiki lilionekana katika mahakama moja ya New York mwaka 2023. Mawakili waliokuwa wakimtetea abiria dhidi ya shirika la ndege waliwasilisha hati iliyotaja hukumu za kesi zilizotangulia. Jaji na mawakili wa upande wa pili walipozitafuta hukumu sita kati ya hizo, hawakuziona popote, kwa sababu hazijapata kutolewa. Zilikuwa zimetungwa na ChatGPT. Mwezi wa Juni mwaka huo mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000. Wale walikuwa watu wazima wenye miaka mingi ya kazi. Kosa lao lilikuwa moja: walimtaja shahidi ambaye hawakuwahi kumwona.

Kanuni inayotokana na kisa hicho ni rahisi kuikumbuka: mwanafunzi asitaje kamwe chanzo ambacho hakukifungua na kukisoma kwa macho yake. Ikiwa programu imemwambia kuna kitabu fulani, na akitafute kitabu hicho. Akikikosa, habari hiyo naye aiache.

JINSI YA KUMTAJA SHAHIDI

Ustadi wa kutaja chanzo hauna uchawi. Tangu mwanzo wa kazi, mwanafunzi atenge kurasa mbili za nyuma za daftari lake. Kila asomapo ukurasa utakaomfaa, aandike mambo sita papo hapo: jina la mwandishi au la ofisi, mwaka ulipoandikwa, kichwa cha habari, jina la tovuti, anwani kamili ya ukurasa, na tarehe aliyousoma. Hiyo tarehe ya mwisho ina sababu yake. Kitabu kilichopigwa chapa hakibadiliki, bali ukurasa wa intaneti huweza kurekebishwa usiku, au kuondolewa kabisa, na mwanafunzi akabaki hana la kujitetea. Anayengoja kuandika marejeo siku ya mwisho hujikuta akitafuta tena kurasa zote alizozipita, na nyingi hatazipata.

Ndani ya insha yenyewe inatosha kusema wazi: "Kwa mujibu wa Wizara ya Afya ya Uganda, mlipuko ulitangazwa tarehe 20 Septemba 2022." Maneno ya mwandishi yakichukuliwa kama yalivyo, hata kama ni sentensi moja tu, yafungwe katika alama za kunukuu. Mwanafunzi akilieleza wazo la mwingine kwa maneno yake mwenyewe, alama hizo hazihitajiki, lakini jina la mwenye wazo bado ni deni lake. Kubadili maneno mawili matatu na kuacha mengine yalivyo, bila kumtaja mwenyewe, ni wizi wa maandishi, nao hautofautiani na kupaka rangi baiskeli ya jirani na kuipanda mchana. Shule na vyuo vina taratibu mbalimbali za kupanga marejeo; iliyo bora kwa mtoto ni ile aliyoelekezwa na mwalimu wake, mradi aifuate hivyo hivyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Tena isidhaniwe kuwa desturi hii imeletwa na kompyuta. Wanazuoni wa Kiislamu waliokusanya Hadithi hawakuridhika na neno lisilo na wapokezi wake: fulani alisikia kwa fulani, naye alisikia kwa fulani, mpaka kumfikia Mtume. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alitumia miaka mingi ya maisha yake akichuja masimulizi kwa kuchunguza wapokezi hao, mmoja mmoja: alikuwa mkweli? alikutana kweli na yule anayedai kumsikia? Mlolongo ukikatika, simulizi hupungua nguvu. Yale yaliyofanywa kwa ngamia na kalamu ya mwanzi yawezekana kabisa kwa simu ya mkononi.

KAZI YA NYUMBANI

Si kila nyumba kambini ina kompyuta, na bando la intaneti ni gharama katika nyumba yenye watoto watano. Lakini kumlea mtoto katika ukweli hakungoji kompyuta. Mama aliyeishia darasa la saba anaweza kumsaidia mwanawe wa Kidato cha Tatu, kwa kumwuliza tu, kila amalizapo kazi: "Nani kasema?" Mtoto akijibu, "Ni simu," mama amrudishe mezani. Baba arudipo kutoka zamu asome ripoti ya mwanawe kama asomavyo ripoti ya doria: neno kwa neno, na kila dai liwe na mwenyewe.

Hata bila intaneti mwanafunzi ana vyanzo karibu naye. Vipo vitabu vya maktaba ya shule, magazeti, na taarifa za habari za redio, ambazo hutajwa kwa jina la kituo, siku na saa. Wapo wazee walioyaona mambo kwa macho yao. Mtoto anayeandika historia ya kijiji chake anaweza kumhoji babu yake, na katika marejeo akaandika jina la babu, mahali walipozungumza na tarehe ya mazungumzo. Ushahidi wa babu ni ushahidi kama mwingine, nao hulinganishwa na wa wengine. Hata hivyo, mtoto wa askari afahamu kwamba yako mambo ya kazi ya baba yake ambayo hayaandikwi katika daftari la shule wala kurushwa katika simu, na hapo baba amweleze mpaka bila ukali.

Jambo moja zaidi ni wajibu wa wazazi wenyewe. Mtoto hujifunza kwa kutazama kuliko kwa kusikia. Akimwona mama akirusha ujumbe wa dawa ya ajabu bila kujua aliyeutunga, au akimsikia baba akitangaza kibarazani kwamba vita vimezuka mahali fulani kwa sababu tu ameona picha, mafundisho yote ya mwalimu huwa kazi bure. Mzazi anayesema mbele ya watoto, "Hili sijalithibitisha, tungoje," amewafundisha somo la mwaka mzima.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake, maana huwaonya watu wasipuuze dalili. Lakini haikukusudiwa kuwa ruhusa ya kuamini kila linalosemwa. Katika siku hizi ambapo neno huzunguka dunia kabla chai haijapoa, yapo mengi yasemwayo ambayo hayapo wala hayaji. Heri kuishika ile nyingine ya vijana wa leo: akili za kuambiwa, changanya na zako.

Mtoto anayezoea kumtaja shahidi wake katika insha ya Ebola atakuwa kesho muuguzi asiyeandika dawa kwa kubahatisha, au polisi asiyemkamata mtu kwa uvumi, au ofisa asiyetuma vijana wa watu kwenye hatari kwa neno lisilo na mwenyewe. Na mlipuko mwingine ukitokea, jirani wakikimbilia nyumba hiyo kuuliza la kufanya, patakuwapo mtu mmoja atakayeuliza kwanza nani kasema, lini, na alijuaje, kabla hajawajibu.